Josho la Sponji ya Serikali

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe kabisa amalize, maana nchi ninayokwenda kuisimulia haipendi kukoholewa. Jina lake silitaji. Si woga, la hasha, ni adabu tu. Wenyewe ni watu wa haya. Itoshe mjue kwamba ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, ilikuwa na Rais aliyeitwa Mtukufu Baba wa Pumzi kwa kuwa kila raia alipumua kwa hisani yake, na ilikuwa na Wizara ya Hewa, jengo la ghorofa saba ambalo madirisha yake hayakufunguka hata moja.

Ghorofa ya chini ya wizara hiyo, pale jirani na choo, ndipo alipofanya kazi Bi Zamda Ngolwe, Afisa Vipimo Daraja la Nne. Daraja la tano halikuwapo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na kwa miaka ishirini na miwili kipimo pekee alichokabidhiwa na serikali kilikuwa rula. Kwa rula hiyo alipigia mistari madaftari ya mahudhurio ya wakubwa ambao hawakuhudhuria. Mistari yake ilinyooka mno, na kwa hilo aliheshimiwa.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Siwema, na Siwema aliolewa Majivuni. Huko ndiko lilikokuwa Tanuru la Maendeleo, mali ya shemeji wa Waziri wa Hewa. Lilichoma matairi, nyaya za umeme, mafuta ya transfoma na kompyuta mbovu zilizoletwa kwa meli kutoka nchi rafiki, nchi ambazo zilitupenda hata zikatupa vitu zilivyovichoka. Moshi wake ulikuwa mweusi asubuhi, wa manjano mchana, na jioni rangi ambayo haijapata jina. Watu wa Majivuni walianika nguo nyeupe wakaanua za kijivu, mpaka wakaamua kununua za kijivu tangu dukani, na gazeti la serikali likawasifu kwa kuvaa sare bila kushurutishwa.

Siwema alikuwa amekwisha kubeba mimba mbili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi saba. Ya pili alizaliwa msichana, akakaa duniani siku mbili, akarudi alikotoka. Sasa alikuwa na ya tatu, miezi mitatu, na Bi Zamda alikuwa hali wala halali. Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: mwanawe atoke Majivuni kabla ya kujifungua.

Lakini nchi ile ilikuwa na Sheria ya Makazi. Hapana mtu kuhama mtaa aliopangiwa bila Kibali cha Afya, na kibali hakitolewi ila kama namba ya hewa ya mtaa huo imezidi mia. Majivuni haikuwa na namba yoyote, kwani hakuna aliyewahi kuipima.

"Mama, unaniomba kibali kwa hewa mbaya," karani wa vibali alimwambia Bi Zamda kwa upole. "Hewa mbaya ni ile yenye namba. Hii yenu haina namba. Hayo ni manung'uniko tu."

*

Basi Mungu si Athumani. Mwezi ule ule akaja mtaalamu wa kigeni, mwanamke mrefu mwenye mkoba, akiitwa Dakta Helga, analeta kifaa cha kupimia hewa. Wizara nzima ikaitwa semina. Wakaja watu mia mbili na kumi, kwa sababu tangazo lilitaja sambusa.

Kifaa chenyewe kilikuwa mabakuli mawili ya chuma kisichoshika kutu, moja kubwa limefunika jingine dogo, na katikati yake kimekaa kipande cha sponji cha mviringo, cheupe, ukubwa wa chapati na unene wa kidole. Hakina injini, hakina taa, hakipigi kelele. Watu walisikitika sana kukiona.

"Unakitundika nje," Dakta Helga alieleza. "Upepo unapita kati ya mabakuli, na sponji inazikamata sumu zilizomo hewani. Baada ya miezi mitatu unaishusha, unaifunga kwa karatasi ya alumini, unaituma kwetu maabara. Sisi tunazitoa zile sumu, tunazihesabu, tunawapa namba. Usiishike kwa mkono mtupu. Usijipake manukato. Na tafadhali, tafadhali, isiguswe na maji."

Bi Zamda peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Wengine mikono yao ilikuwa na mafuta. "Sumu gani hizo, Dakta?"

"Zile zisizokufa. Zinatoka kwenye mioto ya takataka, kwenye mafuta ya mitambo, kwenye dawa za zamani za mashamba. Jua haliziui, mvua haiziui. Zinaingia mwilini na kukaa kwenye mafuta. Mama akibeba mimba zinampata mtoto, akinyonyesha zinatoka na maziwa. Miaka hamsini baadaye bado zipo."

Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Sadoki Pembezi, alisimama akapiga makofi. "Ndugu zangu mmesikia? Kumbe kipo kitu katika nchi yetu kinachodumu miaka hamsini! Nani alisema hatuwezi kutunza vitu?" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Bi Zamda alikuwa akiandika kila neno, na alipofika kwenye neno maziwa akalifuta, akaliandika upya.

*

Ikaja kesi ya mahali pa kukitundika. Mheshimiwa Pembezi alitaka kitundikwe katika bustani ya waridi ya Ikulu, karibu na chemchemi, "ili sponji ianze maisha yake vizuri." Lakini fomu ilikuwa imekwisha kujazwa na Dakta Helga kwa wino: Majivuni, hatua mia tatu kutoka tanuruni. Na katika nchi ile kilichoandikwa kwa wino hakibadilishwi na yeyote chini ya Rais, na Rais alikuwa safarini kubadilisha hewa.

Wakakitundika Majivuni kwa sherehe. Ilikuwa kwenye mlingoti uani kwa zahanati, hatua ishirini kutoka mlangoni kwa Siwema. Mheshimiwa alikata utepe, akakohoa dakika nne, akasema amezidiwa na furaha. Wakawekwa askari wawili wa kukilinda, na chini ya mlingoti likaandikwa tangazo: MARUFUKU KUPUMUA KARIBU NA KIFAA. HEWA HII NI YA SERIKALI. Wazee wawili walikamatwa wiki ya kwanza, mmoja kwa kupiga chafya.

Bi Zamda, aliyeteuliwa mtunza kifaa, alikuja kila Ijumaa. Ngazi aliiegemeza kwenye mlingoti, akapanda, akachungulia katikati ya mabakuli bila kugusa, akaandika. Wiki ya tatu sponji ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Wiki ya sita ilikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Wiki ya kumi ilikuwa nyeusi ti, inateleza kwa mafuta, na Bi Zamda alishuka ngazi anacheka peke yake hata askari wakatazamana.

"Nyeusi, mwanangu!" alimnong'oneza Siwema jikoni. "Nyeusi kama masizi ya chungu! Namba haiwezi kuwa mia hapo. Hiyo elfu! Wewe funga mizigo."

Siwema alicheka akishika tumbo. Alikuwa mpole, hana maneno mengi, lakini siku ile alitoa nepi alizoshona akazipanga mezani moja moja, kazi aliyokuwa akiiogopa tangu yule msichana. "Mama," alisema, "unajua kila nikiamka naangalia kwanza mlingoti, ndiyo nasali. Mungu anisamehe."

"Atakusamehe. Amekuona."

Jamani, msinicheke nikisema walikuwa na raha. Mwanamke na mama yake, katika moshi wa manjano, wanafurahia uchafu. Ndivyo nchi ile ilivyowafikisha.

*

Siku ya tisini Bi Zamda alipanda ngazi na glavu, akaitoa sponji kwa kibanio, akaifunga kwa alumini mara tatu, akaitia kwenye chupa, akaifikisha wizarani ameikumbatia kifuani. Hakupanda na mtu garini. Pale kwenye ngazi za wizara akapokewa na Bwana Mlawa, Mkuu wa Itifaki.

Sasa hapa niwaeleze mila ya watu wale, wasije wakaonekana wabaya. Katika nchi ile hapana kitu kinachokwenda ng'ambo bila kuogeshwa. Balozi akiteuliwa huogeshwa na wazee wa itifaki mbele ya mashahidi. Mbuzi wa kuuzwa nje huogeshwa. Kahawa huoshwa gunia kwa gunia, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuinunua mara ya pili. Hata maiti ya mgeni huoshwa hapo, kisha huoshwa tena uwanja wa ndege, isije ikafika kwao ikasema tulikuwa wachafu. Heshima ya nchi, walisema, hupimwa kwa ukosi wa shati.

Bwana Mlawa alifungua alumini, akachungulia, akarudi nyuma mkono mdomoni. "Bi Zamda! Hii ndiyo unataka kuipeleka Ulaya?"

"Ndiyo, Bwana Mlawa. Ifunge, tafadhali, isiingie hewa."

"Na uchafu wote huu? Kwa watu wanaokula kwa uma? Wewe mama una wazimu, au unataka kututukanisha?"

"Baba, huo uchafu ndio wenyewe wanaoutaka. Ndio kipimo. Ukiutoa hakuna kitu."

"Hakuna mtu anayetaka uchafu," Bwana Mlawa alisema kwa huruma, kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Usafi ni sehemu ya imani. Leteni beseni."

Bi Zamda aling'ang'ania chupa. Vijana wa itifaki wakamshika mikono, kwa adabu, kila mmoja akimwambia samahani mama. Alipiga magoti kwenye marumaru. Aliwaambia kuna mtoto tumboni, aliwaambia mia, aliwaambia kibali, aliwaambia kila kitu, na wao wakaitikia kwa vichwa huku wakikunja mikono ya mashati. Kisha wakaiogesha sponji ya serikali. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya tatu yakatoka na kitu kinachong'aa kikakaa juu kama mafuta ya taa. Waliifua kwa sabuni ya mche, wakaisugua kwa dodoki, wakaikamulia ndimu, wakaitia buluu. Maji ya kumi na moja yakatoka meupe, watu wakashangilia. Ikaanikwa juu ya paa, ikapigwa pasi, ikafukizwa udi, na mke wa Mkurugenzi akaitarizi bendera ya taifa pembeni kwa uzi wa hariri.

Mfanyakazi aliyeyamwaga yale maji bustanini alisema baadaye kwamba maua yaliinama. Hakuulizwa na mtu.

*

Majibu yalichukua wiki saba. Tumbo la Siwema lilikuwa sasa limeshuka, anatembea ameshika kuta. Barua ikaja kutoka kwa Dakta Helga, nayo ilikuwa fupi. Namba ya Majivuni ilikuwa sifuri. Haikuwahi kuonekana sifuri mahali popote, hata kwenye barafu ya kaskazini ya dunia ambako haishi mtu. Zaidi ya hayo, sponji ilinukia vizuri. Kwa hiyo maabara haitaipokea namba hiyo mpaka mtunza kifaa, mwenyewe, kwa jina lake, atie saini fomu ya kuapa kwamba sponji haikuguswa wala kuoshwa. Bila saini, kipimo kinafutwa na kinaanza upya.

Bi Zamda alipoisoma alihema. Kumbe bado pana mlango. Asiposaini, sifuri inafutwa.

Mchana huo huo akaitwa ghorofa ya saba. Hakuwahi kufika huko. Mheshimiwa Pembezi aliwatoa watu wote, akafunga mlango mwenyewe, akamsogezea kiti.

"Shikamoo, mama."

Bi Zamda alishangaa. "Marahaba, Mheshimiwa."

"Mama, mimi nimesoma kemia. Miaka sita, tena huko huko kwao." Alitabasamu. "Unadhani sijui sponji ni ya nini? Bwana Mlawa hajui. Bwana Mlawa ni mjinga na mcha Mungu, angeogesha hata moto. Mimi nilimwacha tu afuate mila. Mtu akifuata mila utamkatazaje?"

Bi Zamda alimtazama. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewadhania wajinga, na ujinga wao ulimpa faraja fulani, kwa kuwa mjinga huweza kueleweshwa.

"Sasa, nimeambiwa una binti. Nimeambiwa na habari za wale wawili wa kwanza. Pole sana, mama. Kwa kweli pole." Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ya kijani yenye mihuri mitatu. Kilikuwa Kibali cha Afya, jina la Siwema limeandikwa kwa mashine, nyumba mpya imetajwa huko Mlimani Kijani, kwenye miti, watokako wenyewe wakubwa. "Hiki chako. Kichukue sasa hivi, kabla hujafanya lolote. Mimi si mtu wa kumtega mzazi." Kisha akaweka fomu ya Dakta Helga juu ya meza, na kalamu juu yake.

"Na wengine?" Bi Zamda aliuliza. "Majivuni wapo watu elfu arobaini."

"Hao nao wana mama zao," alisema Mheshimiwa.

Niseme nini mimi? Yuko aliyebeba mjukuu wa siku mbili kwenye kitambaa akampeleka kaburini, na yuko ambaye hakumbeba. Bi Zamda alifikiria majirani, kweli alifikiria. Alimfikiria mama muuza maandazi mwenye pacha, akamfikiria askari wa mlingoti aliyeanza kutema damu. Kisha akamfikiria Siwema anapanga nepi. Akatia saini, jina zima, kwa mstari ulionyooka.

*

Asubuhi ya pili walikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, pale Majivuni inapoishia. Mume wa Siwema alikuwa zamu ya tanuru, akawaaga tangu alfajiri. Kulikuwa na mkokoteni wenye kitanda, sufuria tatu na mkoba wa nepi. Siwema alikalia kitanda, mikono juu ya tumbo, anatazama ng'ambo ya kizuizi kama mtu anayetazama harusi.

Karani wa vibali, yule yule mpole, alipokea karatasi ya kijani akaikagua mihuri. "Safi kabisa. Ya Waziri mwenyewe." Akafungua daftari kubwa. "Sasa natafuta namba ya mtaa niiandike. Majivuni... ahaa. Imekuja jana. Sifuri."

"Kibali unacho mkononi, mwanangu," Bi Zamda alisema haraka.

"Ninacho, mama, wala sikikatai. Kibali ni halali. Lakini sheria inasema kinatumika kwa mtu anayetoka penye hewa iliyozidi mia. Binti anatoka penye sifuri, hewa nzuri kuliko zote duniani. Nikimtoa hapa nimpeleke Mlimani Kijani, ambako hakujapimwa, nitakuwa nimehatarisha maisha ya mjamzito. Hilo ni kosa la jinai."

"Hiyo sifuri si kweli!"

"Si kweli?" Karani alishtuka kweli kweli. Akageuza ukurasa. "Mbona kuna kiapo hapa, kwamba sponji haikuguswa wala kuoshwa? Kimetiwa saini. Zamda Ngolwe." Akainua macho. "Huyu si wewe, mama?"

Siwema aligeuka taratibu akamtazama mama yake. Bi Zamda alijaribu kumweleza pale pale, maneno yakipandana, habari za ghorofa ya saba, za shikamoo, za kibali kilichotangulia. Siwema alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwenye mkokoteni, "Geuza." Njia nzima hakusema neno jingine.

*

Nchi ile ilisherehekea wiki nzima. Tuzo ya Hewa Bora ilipokewa na Mheshimiwa Pembezi mwenyewe, akalia machozi mbele ya kamera. Nchi rafiki zilipoona kuwa kuna mahali pa sifuri, zilileta meli tisa zaidi za matairi, maana pasipo na uchafu pana nafasi, na shemeji akajenga tanuru la pili. Ikaamriwa kwamba wajawazito wote wa taifa wana haki ya kujifungulia Majivuni. Wake za wakubwa walishukuru sana, wakasema wao hawastahili neema kubwa kiasi hicho, wakaenda kujifungulia ng'ambo.

Siwema alijifungua Jumanne asubuhi, katika zahanati iliyopakwa rangi mpya. Alikuwa mvulana, vidole vyote vipo, nywele nyingi. Alifungua mdomo, akafungua tena, akafungua mara ya tatu. Mkunga alimpiga mgongoni, akamvuta ute, akampulizia mdomoni. Maji ya chai yaliyokuwa jikoni yalikuwa hayajachemka, mtoto akawa amekwisha nyamaza.

Mkunga alikuwa mama wa makamo, naye alilia. Lakini kazi ni kazi, ikabidi ajaze fomu. Zamani palikuwa na kisanduku kimeandikwa Hewa, kwenye sababu za kifo. Tangu sifuri kilifutwa, kwani kisingekuwa na matumizi. Vilibaki vinne: Uzee, Ajali, Husuda na Ukaidi.

"Samahani, mama," mkunga alimwambia Bi Zamda akifuta pua. "Uzee haiwezekani. Ajali haikutokea. Husuda watataka jina la mtu." Akaweka alama kwenye Ukaidi, na chini yake, panapotakiwa maelezo, akaandika: Alipewa hewa akaikataa.

Na kuikataa hewa ya serikali kulikuwa kosa. Kwa hiyo maziko yalicheleweshwa siku tatu, mshtakiwa asizikwe kabla ya shauri. Mtoto aliwekwa kwenye chumba cha dawa, kwenye boksi la sabuni. Maziwa ya Siwema yalijaa siku ya pili, matiti yakamvimba, yakachuruzika kwenye kanga ya kijivu, na mama muuza maandazi alimkamulia kwenye bakuli asijue amwagie wapi. Bi Zamda alikaa kwenye kibaraza cha nje. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha.

Siku ya nne, katika taarifa ya habari ya saa saba mchana, redio ya jirani ilipiga wimbo wa taifa, kisha msomaji akatangaza kwamba Mtukufu Baba wa Pumzi, kwa moyo wake wa mzazi, akizingatia umri mdogo wa mshtakiwa na kwamba lilikuwa kosa lake la kwanza, amemsamehe mtoto wa Siwema wa Majivuni. Anaweza kuzikwa.

Majirani walijaa uani. Wapo waliokuja kutoa pole, wapo waliokuja kutoa pongezi, na wengi hawakujua wavae uso gani, wakasimama wanatazama viatu vyao. Askari wa mlingoti alipiga makofi mawili, akaacha.

Siwema alitoka mlangoni, kanga imelowa kifuani. Watu wakampisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kibaraza, akasimama mbele ya mama yake, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu pale kwenye kizuizi.

"Mama, umesikia redio? Mwanangu amesamehewa."

"Nimesikia, mwanangu."

"Na wewe, mama, nani amekusamehe?"

Bi Zamda aliwatazama watu wa Majivuni mmoja mmoja, mama muuza maandazi na pacha wake, askari na leso yake yenye damu, na wote walikuwa wanamtazama yeye, wanasubiri.

"Hakuna," alisema.

Siwema aliitikia kwa kichwa, akaenda kumchukua mtoto wake.